Breki Inayoshika

Leo tuzungumze breki. Sisemi breki iliyokufa, ile unayoikanyaga ikazama mpaka chini. Hiyo kila mtu anaiogopa, na hakuna anayesubiri kubembelezwa ndipo aipeleke gereji. Nasema breki inayoshika. Unakanyaga, gari linasimama vizuri. Unaachia, matairi matatu yanaachia, ila moja linabaki limekamatwa. Halikamatwi kwa nguvu ya kulizuia gari lisiende. Gari linakwenda, na ndiyo maana watu wanaishi na tatizo hili miezi mingi. Wanaongeza mafuta mara kwa mara, wanailalamikia injini kwamba imechoka, kumbe injini ya watu ni nzima, inavuta gari na inavuta breki zake pia.

Dalili zake zinajulikana na yeyote anayelisikiliza gari lake. Kwenye barabara iliyonyooka usukani unavutia upande mmoja hata kama hujagusa breki. Ukitoa mguu kwenye mafuta pale tambarare, gari halitiririki kama zamani, linasimama lenyewe mapema. Rimu moja imejaa vumbi jeusi, ya upande wa pili ni safi. Halafu kuna harufu, ile harufu kali ya kitu kinachoungua ambayo abiria anaisikia na kuchungulia dirishani akidhani inatoka nje. Ukisimama baada ya mwendo wa kutosha, lizunguke gari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Nasisitiza bila kuigusa, maana diski iliyoshikwa inaunguza vibaya. Breki za mbele kwa kawaida huwa na joto kuliko za nyuma, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele linaposimama, kwa hiyo usilinganishe mbele na nyuma. Linganisha kulia na kushoto. Kama kushoto kiganja kinavumilia na kulia kinakataa, umeshalipata tairi lako. Na tafadhali usimwagie maji ya baridi diski iliyo moto. Nimeona watu wakifanya hivyo pembeni ya barabara kwa nia njema kabisa, na diski inaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Joto hilo haliishii kwenye diski. Linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linayafikia mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za selisiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, ambacho ndicho kiwango kinachotumika kuyapima, kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Sasa mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika, mafuta hayaminyiki. Dereva anateremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au anashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, anakanyaga kona baada ya kona, na ile breki aliyoizoea kuwa inashika kupita kiasi inageuka: pedali inazama, anaminya mvuke mtupu. Kinachonitia uchungu ni kwamba tairi lilishamtahadharisha kwa wiki kadhaa, kwa harufu na kwa usukani, na pengine fundi alishaambiwa.

Sasa tuingie ndani. Gari dogo la kawaida la hapa kwetu, tuseme Toyota Vitz au IST, mbele lina diski inayozunguka pamoja na tairi. Kalipa ni kile chuma kizito kilichoikumbatia diski, na ndani yake mna pistoni moja. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta kupitia mabomba na hozi za mpira, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inaibana pedi ya ndani kwenye diski. Na kwa kuwa kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili, mwili wake unavutwa kinyume, unaileta pedi ya nje ibane upande wa pili. Hadi hapo wengi tunafahamu. Swali ambalo gereji huwa haliulizwi ni hili: ukiachia pedali, ni nini kinachoirudisha pistoni?

Watu hudhani ni springi. Breki za ngoma kweli zina springi za kurudisha viatu vyake. Lakini ndani ya kalipa hii hakuna springi ya pistoni. Kinachoirudisha ni mpira. Kuna pete ya mpira yenye kingo za mraba, imekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya silinda ya kalipa, imeikumbatia pistoni. Kazi yake moja ni kuzuia mafuta yasivuje. Kazi nyingine ni hii. Weka kidole juu ya ngozi ya mgongo wa mkono wako, bonyeza kidogo, kisha kisukume mbele bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakifuata. Legeza, na ngozi inarudi mahali pake pamoja na kidole. Pete ile inafanya hivyo hivyo. Pistoni ikienda mbele, pete inajikunja. Ukiachia pedali, pete inarudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni nyuma sehemu ndogo tu ya milimita. Upenyo huo ambao jicho halioni ndio unaoliacha tairi lizunguke huru. Pedi zikiendelea kulika, pistoni inateleza mbele kidogo ndani ya pete na kukaa mahali papya, ndiyo maana breki za diski zinajirekebisha zenyewe bila mtu kuzikaza.

Ukishaielewa pete hii, kalipa inayoshika haikutishi tena. Unachouliza ni kitu gani kimeugusa mpira, au kitu gani kimeifanya pistoni iwe nzito kiasi kwamba mpira hauiwezi.

Mara nyingi jibu ni maji. Mbele ya pistoni kuna kifuniko laini cha mpira chenye mikunjo, mafundi wanakiita dasti kava. Kikichanika, matope ya masika na vumbi la kiangazi vinaingia moja kwa moja kwenye pistoni, na kutu inaanza. Kwa sisi wa mwambao, kuanzia Mtwara hadi Tanga, Unguja na Pemba, hewa yenyewe ina chumvi, na gari linaloegeshwa muda mrefu bila kutembea ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu pistoni haisogei na kutu inapata nafasi ya kujikita. Kuna pia magari yanayokuja kutoka maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi. Gari kama hilo linaweza kuteremka bandarini Dar es Salaam likiwa na rangi inayong'aa juu na kutu nzito chini. Anayekagua gari kabla ya kununua na ainame aangalie kalipa, asitosheke na redio na viti.

Lakini maji yanaingia kwa ndani vilevile. Mafuta ya breki tunayotumia yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, kupitia hozi na kupitia kifuniko cha kikopo chake. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua na hata kama gari halikutembea. Maji hayo yanazaa kutu ndani ya silinda, na mahali pabaya kuliko pote ni kwenye ule mfereji wa pete. Kutu ikijenga nyuma ya pete inaisukuma itoke, pete inaibana pistoni kama inayoinyonga, na hapo inashindwa kujikunja na kurudi. Mpira wenyewe unaweza kuwa mzima, ila hauna nafasi ya kufanya kazi yake.

Hapa niseme jambo linalozua ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi. Gari linaingia gereji halina shida, linabadilishwa pedi, linatoka, na baada ya siku chache linashika. Mteja anasema ameuziwa pedi feki. Huenda pedi haina kosa lolote. Pedi za zamani zilipokuwa zimelika, pistoni ilikuwa imetoka nje mbali sana, na ile sehemu iliyotoka ilishapata kutu na uchafu chini ya dasti kava iliyochanika. Pedi mpya ni nene. Ili ziingie, fundi anairudisha pistoni ndani kwa nguvu, na ile sehemu yenye kutu inapitishwa kwenye pete. Kuanzia hapo pete inasuguana na kutu kila ukikanyaga. Fundi makini anaifunua dasti kava na kuiangalia pistoni kabla ya kuisukuma. Akiona kutu anasimama na kumwita mwenye gari waangalie wote.

Pini nazo zina kesi yake. Kalipa inayoteleza haina faida kama haitelezi. Pini zikikauka au zikiganda, pistoni inaendelea kuibana pedi ya ndani, lakini mwili wa kalipa hausogei kuileta pedi ya nje, kwa hiyo pedi ya ndani inalika hadi chuma na ya nje inabaki nene kama ilivyonunuliwa. Nilikuwa gereji moja hapa Dar es Salaam, mama mmoja ameleta gari lake, fundi kijana ameshafungua tairi. Akamwambia, "Mama, pedi zimekula upande mmoja. Tukiweka mpya kazi imekwisha." Yule mama akamjibu kwa upole, "Sawa baba, ila kilichozifanya zile upande mmoja ni nini?" Kijana akanyamaza. Mzee mwenye gereji, aliyekuwa pembeni, akaja, akashika kalipa kwa mikono miwili, akajaribu kuitelezesha. Haikutikisika. Akachomoa pini ya juu, imetoka nyeusi na kavu, grisi imegeuka kuwa kama lami. Ya chini ilitoka kwa kugongwa. Akamwonyesha yule mama, akamwambia kijana, "Umeona? Mama ameuliza swali lako." Hakumkaripia. Akamkabidhi msasa laini na kitambaa, akamwambia asafishe matundu ya pini kwanza, habari za pedi baadaye.

Swali la yule mama natamani kila mteja aondoke nalo. Pedi iliyolika vibaya inaeleza kilichotokea ndani ya kalipa, kwa hiyo msiitupe kabla hamjaisoma. Ya ndani imelika kuliko ya nje, angalia pini na pistoni. Imelika kwa mshazari, ncha moja nyembamba na nyingine nene, mara nyingi ni pini moja imeganda na mwenzake anateleza, au masikio ya pedi yamekwama kwenye fremu yake kwa kutu. Magari makubwa kama Prado nyingi, mbele yana kalipa isiyoteleza yenye pistoni nne, mbili kila upande. Hapo pini za kutelezea hazipo. Unatafuta pistoni ipi kati ya hizo nne imegoma, na ukiipata moja usidhani zilizobaki ziko salama.

Kabla hujafungua chochote, ujue kwanza shida iko wapi, maana hata hozi inaweza kushika breki. Hozi ya mpira ikizeeka inaweza kuvimba kwa ndani wakati nje inaonekana nzima. Mguu wako una nguvu ya kupenyeza mafuta kwenda kwenye kalipa, lakini ukiachia, mafuta hayapati njia ya kurudi upesi. Kipimo ni rahisi na hakihitaji kompyuta. Egesha gari tambarare, zuia matairi mengine kwa mawe au vipande vya mbao, pandisha tairi kwa jeki, weka stendi imara chini ya gari. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mwenzako akanyage breki na kuachia. Zungusha tairi kwa mkono. Likiwa limeshikwa, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo iliyo nyuma ya kalipa. Mafuta yakiruka na tairi likaachia papo hapo, basi kulikuwa na shinikizo lililonaswa, na unatafuta kwenye hozi au juu zaidi hadi kwenye masta. Mafuta yakitoka kwa utulivu na tairi likabaki limeshikwa, ugonjwa uko kwenye kalipa yenyewe, pistoni au pini. Na kama ni matairi yote yanashika kwa pamoja, usihangaike na kalipa moja moja, nenda kwenye masta silinda na fimbo ya pedali, angalia kama pedali inarudi hadi mwisho na kama ina uchezaji wake mdogo wa juu. Nyuma, kama kalipa ndiyo inayobeba na breki ya mkono, angalia kama waya wa breki ya mkono unarudi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe dakika hizi hewani. Petroli.

Gereji zetu nyingi zinasafisha kila kitu kwa petroli. Kuna chupa ya maji iliyokatwa juu, mna petroli nusu na brashi ya rangi iliyochakaa, na humo zinaoshwa bearingi, nati, gia, na mipira ya kalipa pia. Kwa chuma cha injini sina neno. Kwa mipira ya breki ni kuiua. Mipira hii imetengenezwa kwa aina ya mpira inayovumilia mafuta ya breki, na mpira huo hauvumilii kabisa petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya injini wala grisi ya kawaida ya bearingi. Asiyeamini achukue pete ya zamani iliyotolewa kwenye kalipa, aitumbukize kwenye petroli, aiache usiku kucha. Asubuhi ataikuta imevimba, imelegea, na ukijaribu kuirudisha kwenye mfereji wake haienei. Pete iliyovimba hivyo ndani ya kalipa inaibana pistoni na kuifanya breki ishike, yaani fundi ameleta ugonjwa uleule aliolipwa autibu. Mteja anarudi, anaambiwa kalipa hiyo haifai, tafuta nyingine.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Oshea mafuta ya breki mapya, au spiriti, au ile dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Kwenye pini paka grisi ya silikoni au grisi iliyoandikwa kuwa ni ya breki, kidogo tu, kwa sababu ikijaa sana inanasa hewa tunduni na pini haiingii vizuri. Kuna pini ambazo ncha yake imevalishwa kimpira kidogo. Ukiipaka grisi ya bearingi kinavimba na pini inanasa ndani ya tundu lake. Pini ya juu na ya chini mara nyingi hazifanani, kwa hiyo ziweke alama unapozitoa.

Kazi ya kuifungua kalipa yenyewe inataka utulivu. Usiiache ininginie kwenye hozi. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, maana si kitu cha kuvuta mapafuni, na baadhi ya pedi zina asbesto. Lilowanishe ulifute. Kuitoa pistoni, njia nzuri ni kutumia pedali hiyohiyo kabla hujafungua hozi: diski ikiwa imeondolewa njiani, mwenzako anakanyaga taratibu, na pistoni inatoka yenyewe hata kama imeganda, maana shinikizo la mafuta lina nguvu kuliko bisibisi yoyote. Wanaotumia upepo wa kompresa waanze na upepo mdogo kabisa, waweke kipande cha mbao mbele ya pistoni, na vidole vikae mbali. Pistoni ikichomoka kwa upepo inaruka kwa ghafla, na mkono uliobanwa kati yake na chuma cha kalipa unavunjika.

Pistoni ikishatoka, ishike kwenye mwanga wa jua uizungushe polepole. Nyingi ni za chuma kilichopakwa kromu, zinang'aa kama kioo, na mng'ao huo ndio uso ambao pete inategemea. Vidoa vya juu juu vinafutika. Ukiona vishimo, hata vidogo kama ncha ya sindano, kwenye sehemu inayopita kwenye pete, pistoni hiyo imemaliza safari yake. Kuisugua kwa msasa mkavu kunaondoa kromu na kuacha chuma wazi, na baada ya masika moja kutu itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Pistoni mpya inanunulika peke yake kwa magari mengi. Pete ya zamani itoe kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, bisibisi inachora silinda. Kisha usafishe ule mfereji, na hapa ndipo muda wako uishie, kwa sababu fundi mwenye haraka anabadilisha pete na kuacha kutu nyuma yake. Pitisha kijiti, pitisha kitambaa, pitisha kidole, hadi mfereji uwe laini pande zote. Pete mpya ipake mafuta mapya ya breki na uihakikishe imekaa bila kujipinda. Pistoni iingie kwa mikono miwili, ikiwa imenyooka. Ikikataa, itoe uangalie upya. Nyundo haina kazi hapo. Kwa kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake, pistoni nyingi huzungushwa kwa kifaa chake huku zikisukumwa. Ukizibana kwa klampu unavunja mtambo wa ndani. Na magari mapya yenye breki ya mkono ya umeme yanataka kwanza yawekwe kwenye hali ya matengenezo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kalipa za mtumba. Sizipingi, zipo zilizo nzima, na bei ya kalipa mpya inaumiza. Ila kalipa ya mtumba ni kalipa ambayo hujui imekaa juani au mvuani muda gani, kwa hiyo ukiinunua, ifungue na uibadilishe mipira kabla ya kuifunga. Seti ya mipira ya kalipa kwa magari yaliyozoeleka inapatikana kwenye maduka ya vipuri. Kinyume chake, hakuna akiba kwenye kubadilisha pedi za tairi moja peke yake. Badilisha za kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavutia upande hata baada ya kalipa kupona.

Na lipo la kuziba bomba. Kalipa imegoma, spea haijapatikana, fundi anakunja bomba la breki la tairi hilo na kulifinya kwa koleo, anasema, "Bosi, nenda nayo hivi, zilizobaki zinatosha." Nimesikia hata gari la abiria likifanyiwa hivyo. Hazitoshi. Siku ya kukanyaga kwa ghafla, gari litageukia upande wenye breki, kwenye njia ya anayekuja au kwenye bonde, na hata dereva hodari hataweza kulirudisha kwa usukani. Mwenye gari ana haki ya kukataa, na fundi naye ana haki ya kukataa kumfanyia mwenye gari anayeshinikiza. Gari lenye breki ya namna hiyo linavutwa kwenda gereji.

Ukirudisha kila kitu, washa za shaba kwenye boliti ya hozi ziwe mpya, maana za zamani zimeshabonyea na zitavujisha. Mafuta yatoke kwenye chupa iliyofungwa kiwandani. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji imeshanyonya unyevu hata kama inaonekana safi. Toa upepo kwa utaratibu wa kitabu cha gari lako, na mafuta ya zamani usiyarudishe kwenye kikopo hata kama ni robo kikombe. Yakimwagikia rangi ya gari, yaoshe mara moja kwa maji mengi, yanababua rangi.

Halafu, kabla ufunguo haujawashwa na gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni uliyoirudisha ndani iko mbali na pedi, na ukanyagaji wa kwanza utazama mpaka chini. Wapo waliogonga ukuta wa gereji kwa kulisahau hili. Pedali ikishakuwa imara, zungusha tairi kwa mkono likiwa bado juu: mlio mdogo wa pedi kugusa diski ni wa kawaida, tairi linalogoma si la kawaida. Lishushe, kaza nati, nenda mwendo wa polepole kwenye barabara isiyo na watu, simama taratibu mara nyingi ili pedi na diski vizoeane, usibane breki kwa nguvu katika kilomita za mwanzo. Baada ya hapo tembea kama unavyotembea siku zote, kisha simama, zunguka gari, sogeza kiganja kwenye rimu za kulia na kushoto. Kabla fundi hajafunga boneti, mwombe aandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikopo cha mafuta ya breki mwezi na mwaka wa leo, na aina ya mafuta aliyotia, ili fundi atakayefuata, popote utakapokuwa, ajue ni lini yanatakiwa kumwagwa.